Dawa ya Macho ya Watoto Wachanga

Dada yangu mdogo alifariki akijifungua, pale maternite ya Baraka, na mtoto naye hakupona. Mama alikuwa njiani akitoka Nundu. Alipofika walikuwa wamekwisha kumfumba macho. Nyumbani kwa dada zilibaki nguo, sufuria, na paka jike wa kijivu. Nguo walichukua mashangazi. Paka, mama alimleta kwake, amemfunga ndani ya kitenge.

Tangu hapo hakupita tena mbele ya maternite. Akienda sokoni alizungukia ufukoni, penye ndakala, wale samaki wadogo, zilizoanikwa, ingawa njia hiyo ni ndefu na magoti yanamsumbua. Na sisi hatukumsikia akimtaja dada.

Kiangazi kilichopita mbwa wa jirani alimrarua yule paka ubavuni. Tulimtia kwenye kikapu, tukapanda pikipiki hadi Fizi, kwa munganga wa mifugo ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbuzi wa watu wa milimani. Alimdunga sindano ya usingizi. Paka akalegea mwili mzima, lakini macho yakabaki wazi, makubwa, bila kupepesa.

Mama alirudi nyuma. "Munganga, inakufa? Iko inatuangalia."

"Haikufe, mama. Haione kitu. Hii dawa inalalisha mwili, macho inabakia wazi. Na machozi inapunguka, jicho inaweza kukauka."

Akampaka paka pomade, dawa laini ya mafuta, machoni, akamwonyesha mama namna ya kushusha kope polepole kwa kidole. Meno ya mbwa yalikuwa yamepenya kuliko tulivyodhani, kazi ya kushona ikawa ndefu. Muda wote huo mama alisimama penye kichwa cha paka, kidole juu ya kope. Nami sikuweza kumtazama.

Tulipoaga, munganga alitupatia pomade kidogo iliyobaki. Alisema hata paka akiamka, machozi hayarudi mara moja, tuendelee kumpaka.

Vumbi la barabara lilikuwa kali. Paka aliamka kikapuni akiwa bado amelewa dawa, akawa anajipiga na kujisugua uso kwenye ukindu. Kesho yake jicho la kushoto halikufunguka, na pomade ilikuwa imekwisha. Nilimpigia munganga simu.

"Jicho iko na kidonda," alisema. "Usitie dawa yoyote ya famasi, zingine ziko na cortisone, zitaharibu zaidi. Tafuta ile pomade banatiaka batoto ku macho wakizaliwa."

"Ya maternite?"

"Eeh. Kule haikosekane."

Mama alikuwa amesikia yote. Nilipoanza kuvaa viatu akaniambia, "Acha. Mi mwenyewe nitaenda."

Nilimfuata hata hivyo. Mlangoni tulikuta mkunga, mwanamke wa makamo. Mama alimwomba pomade ya macho ya watoto wachanga. Mkunga akatabasamu.

"Karibu, mama. Mutoto alizaliwa lini?"

Mama akasema, "Hakuna mutoto. Ni ya paka. Paka ya binti yangu. Binti yangu alikufiaka hapa."

Mkunga hakucheka. Alimshika mama mkono, akamkalisha kwenye benchi, akaingia ndani. Hapo ndipo mama alipolia, katikati ya wanawake wenye mimba waliokuwa wakingoja zamu yao. Mmoja ambaye hatukumjua alimpa ncha ya kitenge chake ajifute. Nilisimama uani nikingoja, hadi mkunga alipotoka na pomade.

Jicho la kulia lilibaki zima. La kushoto lilifanya ukungu mweupe, halikuona tena. Kila asubuhi mama alilifuta kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, na akiwa anafuta alianza kunisimulia habari za dada: alivyokataa kunyonya, alivyochelewa kutembea, alivyokuwa mkaidi shuleni. Mengine sikuwahi kuyasikia. Nilikuwa nafika mapema kabla ya kazi ili nisikilize.

Mvua zilipoanza paka alidhoofu, akaacha kula. Alifia chini ya kitanda cha mama.

Baadaye nilimletea mwingine, mdogo, bado wa kunyonya, mwenye mabaka meusi. Mama alimpa maziwa kwenye kisahani, akamtazama akinywa mpaka akamaliza. Kisha akaniambia, "Mwanangu, umurudishe kwa mama yake."