Koti Langu Lililokwenda Ndera

Mhusika ni mke wangu, Konsolata. Nalitamka hilo mwanzoni ili msomaji asisumbuke kumtafuta mwingine. Jana, bila idhini yangu, alilitia koti langu la kijivu la utumishi katika mfuko wa taka kavu, na gari la taka likalipeleka Ndera, kwenye mtambo unaogeuza takataka kuwa gesi na gesi kuwa umeme.

Koti hilo nililihitaji leo alasiri huko Rebero, kwenye gusaba, sherehe ya kumwombea mpwa wangu mchumba. Mimi ndiye msemaji wa familia. Wasemaji wa pande mbili huchokozana mbele ya wageni, na anayekosa jibu huwaaibisha wote aliokuja nao. Msemaji wa upande wa pili alikuwa mzee Karoli, ambaye hajapata kukosa jibu.

Nyakabanda, mtaani kwetu, mara tu baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi ya kila mwezi, barabara zilipofunguliwa, nilisimamisha pikipiki.

"Ndera? Mzee unaenda kule hospitali ya vichaa?" aliuliza dereva.

"La. Nakwenda kutafuta koti langu ndani ya takataka."

Alinipa kofia ya kinga kwa upole mkubwa. "Basi ni kule kule, mzee. Shika vizuri."

Ndera, langoni mwa mtambo, nilipokewa na mhandisi Mwanaidi, Mtanzania.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua mali yangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kwamba taka kavu hukatwakatwa na kuingizwa katika tanuri lenye joto kali na hewa kidogo, kwa hiyo haziungui zikaisha, bali hutoa gesi. Gesi husafishwa, ikaendesha injini ya jenereta.

"Na koti?"

Alinikabidhi kopo lenye vifungo vya shaba. "Hivi tulivitoa, mzee. Madini hayatoi gesi."

"Nauliza koti lenyewe."

Alitazama taa iliyokuwa ikiwaka juu yetu. Nilivua kofia.

"Lilikuwa kavu sana," alinifariji. "Mengine huwa tunayaanika kwanza."

Rebero niliingia nimevaa sweta, vifungo vikilia mfukoni. Mzee Karoli, ambaye habari za koti zilikuwa zimeshamfikia, aliishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Jamani, hawa wameshindwa kutunza koti! Msichana wetu watamtunza vipi?"

Watu walicheka hadi viti vikayumba. Mpwa wangu aliinamisha kichwa. Nilisimama.

"Mzee mwenzangu, mimi nimestaafu, lakini koti langu limeitwa tena kazini. Sasa hivi liko Ndera, linazalisha umeme. Hiyo maikrofoni unayonitukania, umeiwasha kwa koti langu. Izime, kisha uniseme."

Karoli aliitazama maikrofoni. Akaizima, akaketi. Vigelegele vikapigwa, na msichana tukapewa.

Njiani kurudi nyumbani, Konsolata alisema, "Umeona? Ungekuwa nalo, ungesema nini?"

Nilichojifunza ni kwamba nguo ya mtumishi mwadilifu hufaa hata katika tanuri. Hilo halimwondolei mtu wajibu wake. Kwa hiyo namtaka Konsolata atoe maelezo kamili, kabla gari la taka halijapita tena, kuhusu koti lililotajwa hapo juu. Na vilevile aeleze ilipo suruali ya koti hilo, ambayo tangu asubuhi siioni.