Matundu ya Gereji ya Chini

Mhandisi aliyechora jengo la Bwana Tranter pale Thika hakuwa mjinga. Gereji aliiweka chini ya ardhi, na juu ya kuta zake akaacha matundu ya kutolea moshi. Mwaka wa 1954, wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, Bwana Tranter aliyaziba kwa matofali. Aliogopa kurushiwa moto kutoka barabarani.

Philip Barasa aliosha magari humo. Julai, baridi ikiuma, alitakiwa pia kuwasha injini zote kabla Wazungu wa ghorofani hawajashuka, wakute magari yana joto. Akawa anatoka humo kichwa kikimgonga, akitapika.

Baba mkwe wake alikuwa aje kutoka shamba la kahawa huko Ruiru, na mkwe halishwi mboga. Barasa alinunua jogoo, akamficha garejini ndani ya tenga, maana Makongeni alikoishi jogoo angeibwa. Asubuhi moja, baada ya kuwasha injini, alimkuta amekufa.

"Ugonjwa wa kideri huo," alicheka Gichuru, nyapara wake. "Mkate shingo upesi, Mluhya wewe. Mkwe atajuaje?"

"Jana alikuwa anawika. Ni huu moshi, mzee. Hata mimi naumwa. Mwambie bwana afungue tundu moja tu."

"Mwambie wewe. Mlango wa kutokea haujazibwa."

Barasa alikwenda. Bwana Tranter alimsikiliza akivaa glavu.

"Kuku amekufa, kwa hivyo mimi nivunje ukuta? Wako wengi getini wanataka kazi yako."

Nyumba ya Makongeni ilikuwa ya kazi. Kazi ikienda, mkewe Nekoye na watoto wangelala nje. Mtu aliambiwa achague kati ya pumzi yake na paa la watoto wake, na hilo likaitwa ajira! Barasa akarudi chini.

Jumatatu walimkuta ameanguka kando ya ndoo, kitambaa mkononi, injini zikinguruma. Bwana Tranter aliuliza kama gari lake limekwaruzwa. Polisi walisema marehemu alikuwa amelewa. Barasa, mtu wa kanisa, asiyeonja hata busaa. Baba mkwe alifika akakuta matanga.

Kesho yake mtu mwingine aliwasha injini. Wiki hiyohiyo mbwa wa Bwana Tranter, aliyeachwa ndani ya gari kule chini, alizirai. Waashi waliitwa kabla ya chakula cha mchana, wakabomoa matofali yote.

Mbwa alipona.