Viti vya Rangi ya Tende

Mwanaasha binti Matano alizaliwa Shumba Viamboni, na mkono wake ulijua rangi kabla haujajua kalamu. Mama yake alikuwa akisuka mikeka. Kazi ya mtoto ilikuwa kuchovya miyaa kwenye sufuria ya rangi inayochemka, kuigeuza kwa kijiti, kuitoa na kuianika. Mpaka anaolewa, kucha zake zilikuwa na zambarau isiyotoka, na wanawake waliokuja kumtia hina walicheka wakasema bibi harusi huyu kaja na hina yake mwenyewe.

Mume alikuwa Rajab, kijana wa Kiuyu, fundi wa viti vya magari. Walihamia Gombani, Rajab akafungua banda lake karibu na njia ya kwendea uwanjani. Alishona, alitia viraka, lakini alichokipenda zaidi ni kuvipiga rangi mpya viti vya ngozi vilivyochakaa. Alipiga kwa pampu, mlango kaufunga ili vumbi lisiingie, pua kaifunika kwa kipande cha kanga, na siku nyingine hakuifunika kwa chochote. Miaka ikaenda hivyo. Kisha kifua kikaanza kumbana, kikohozi hakimwachi, na daktari akamwambia bila kumzungusha: pampu ya rangi basi, ukitaka kuendelea kuvuta pumzi.

Rajab akalifunga banda. Akawa mtu wa barazani, anaitikia salamu za wapita njia na hana la kuongeza. Mwanaasha alirudi kwenye mikeka yake, na nyumba ikasimama. Kilichomuuma ni ule ukimya. Mwanamume aliyekuwa akirudi jioni na hadithi za kila gari, sasa anauliza chumvi tu wakati wa kula.

Asubuhi moja gari likasimama mbele ya baraza. Akashuka Mzee Taher, Bohora mwenye duka la vyombo Chake Chake. Mkewe, Bi Tasneem, alibaki ndani na mlango wazi, maana magoti yake hayakumpa raha ya kupanda na kushuka ovyo.

"Assalaam alaykum, Fundi Rajab."

"Waalaykumu ssalaam, Mzee. Karibu."

"Nimekuja na tabu yangu. Viti vilikuwa vyeupe kama maziwa, sasa tazama mwenyewe. Nataka uvifanye vyeusi, uchafu usionekane."

"Vyeusi akalie yeye," akasema Bi Tasneem kutoka garini. "Jua la saa sita likiupiga weusi huo, nitaivia humu kama mkate. Mimi nataka rangi ya tende."

"Tende! Gari au siniya ya futari?"

Rajab alicheka, na Mwanaasha, aliyekuwa nyuma ya mlango, akashtuka kuusikia mcheko huo. Lakini haukudumu. "Mzee, miye kazi hiyo nimeiacha," akasema. "Kifua hakinitaki."

Mzee Taher akampa pole, akageuka aondoke. Hapo Mwanaasha akatoka nje, kanga kajifunga kiunoni.

"Mzee, liache gari. Kazi itafanywa."

"Na nani?" akauliza Rajab.

"Na miye. Weye utaniongoza."

Rajab alingoja Mzee Taher asogee mpaka garini kwa mkewe. "Mama Nahla," akasema kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Unguja, "weye na gari wapi na wapi?"

"Si gari. Ni ngozi na rangi. Rangi naijua tangu sijang'oa meno ya utoto."

"Na pampu je? Nikuone nawe unakohoa?"

"Pampu sitaki. Nitapaka kwa sponji, kidogo kidogo, kwa ile rangi ya maji isiyo harufu. Milango wazi, weye umekaa pale pale unatazama."

"Sponji itaacha mistari."

"Ikiacha, utaniambia."

Rajab alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na funguo za banda.

Walivitoa viti wakavipanga juu ya turubai. Mwanaasha aliviosha kwa sabuni na brashi laini, akavisugua kwa msasa mwepesi mpaka mng'aro ukafa, akajaza nyufa kwa dawa ya kuzibia. Rangi aliichanganya mwenyewe: kahawia, nyekundu kidogo, tone la manjano. Akaipaka kwenye kipande cha ngozi, akaitazama juani, akaitazama kivulini, akakitupa. Akachanganya tena. Bi Tasneem alikuwa ameacha tende mbili kwenye karatasi ili fundi asikosee. Rajab alizikodolea macho, kisha akakodolea bakuli, akasema, "Ongeza wekundu. Tende hii imeiva kuliko hiyo rangi yako." Mwanaasha akaongeza. Ikawa ndiyo.

Alipaka mkono wa kwanza mwembamba sana, hata weupe ukaonekana chini yake kama maziwa ndani ya chai. Akaungoja ukauke, akapaka wa pili, akaendelea hivyo. Rajab alivuta kigoda karibu, halafu karibu zaidi. "Usirudi nyuma," alimwambia. "Ukishapita, umepita." Mistari haikutokea. Viti viliporudishwa garini, Bi Tasneem aliupitisha mkono juu ya ngozi akasema, "Mashaallah." Mzee Taher alilizunguka gari mara mbili kama mtu anayetaka kulinunua upya.

Siku chache baadaye Bi Tasneem alirudi. Alishuka pole pole akawapa mgongo. Rida lake la rangi ya malai, lile vazi lenye kofia wanalovaa wanawake wa Kibohora, lilikuwa limejaa vipande vyembamba vya kahawia.

"Nilikwenda kwa dada yangu Wete," akasema. "Akaniuliza nimelala kwenye gunia la vitunguu?"

Hakugomba, na hilo lilimchoma Mwanaasha kuliko matusi. Alifungua mlango wa gari. Viti vya nyuma vilikuwa vizima. Vya mbele, pale pa kuegemea mgongo na kichwa, rangi ilikuwa ikibanduka kwa ukucha.

"Samahani, Bi Tasneem," akasema. "Kosa limo kwenye kazi yangu. Nipe gari nilitazame."

Rajab alikaa kwenye kigoda, kichwa chini. Mgeni alipokwenda kupumzika kwa jirani, akasema, "Nilijua. Tumemwaibisha mtu kwa ndugu zake. Tulifunge banda, Mama Nahla, tusiwe kichekesho cha mji."

Machozi yalikuwa karibu kumtoka Mwanaasha, na hakutaka yaonekane. Akaingia kwenye gari, akaketi kiti cha mbele, akafunga mlango apate kulia peke yake. Gari lilikuwa limesimama juani, ndani pamoto kama jikoni. Akavuta pumzi ndefu, na badala ya kilio ikamjia harufu. Ilikuwa harufu anayoijua vizuri, ya kichwa cha mtoto aliyetoka kusukwa. Akakisogelea kiti, akakinusa, akafungua mlango.

"Baba Nahla! Hebu njoo unuse hapa."

Rajab akaja, akainama. Akanusa tena. "Mafuta ya nazi," akasema.

"Miyaa iliyoshikwa kwa mkono wa mafuta haishiki rangi. Mama alikuwa akitupiga vidole kwa hilo."

Alipoitwa Bi Tasneem, alishika shavu. "Ni Taher huyo! Tangu tulinunue gari, kila Ijumaa kabla ya sala anavipaka viti mafuta ya nazi ving'ae. Vya mbele tu, vya nyuma hakai mtu."

Rajab alisimama wima, na Mwanaasha akaona kitu usoni mwake alichokuwa amekikosa muda mrefu. Fundi alikuwa amerudi. "Sabuni haitoshi," akasema. "Mafuta yameshanywewa mpaka ndani. Tubandue yote, tufute kwa spiriti, tuache juani yapande juu, tufute tena, mpaka kitambaa kitoke kikavu. Miye hili ningeliuliza siku ya mwanzo. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nakutazama weye, Mama Nahla, sikutazama kiti."

Kazi ya kubandua ilikuwa ya kuchosha, na spiriti ilipofika zamu yake Rajab alisogezwa mbali. Alilalamika, akatii, akawa anapiga kelele kutoka barabarani: "Mishono! Usisahau kwenye mishono!" Kila jua lilipopata nguvu mafuta yalipanda juu kama jasho, na Mwanaasha akayafuta. Siku kitambaa kilipotoka kikavu, alikwenda nacho mpaka kwa mumewe akamwekea mkononi. Rajab akakigeuza, akakipitisha kwenye shavu. "Paka," akasema.

Safari hii rangi ilishika. Waliliweka gari juani siku nzima, wakakwangua kwa ukucha, wakasugua kwa kitambaa cheupe. Haikutoka hata chembe.

Mzee Taher alikuja kulichukua. Alipoelezwa habari ya mafuta alivua kofia, akaivaa tena.

"Kumbe nilikuwa naviharibu kwa mikono yangu. Basi Ijumaa nitafanya kazi gani mimi?"

"Hayo mafuta niletee," akasema mkewe. "Unipake magoti."

Mzee Taher alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Akampa Mwanaasha pole kwa usumbufu, akamwita "Bi Fundi," na jina hilo likatoka naye pale likaingia mjini. Mwanzo watu walilitamka kwa mzaha. Wengine walipita bandani kutazama tu kama ni kweli, na mmoja wao, Bakar, mwenye gari la kukodisha, alisimama muda mrefu akitafuta kasoro, halafu akauliza nafasi yake itakuwa lini.

Banda halikufungwa tena. Rajab hushona na kuziba nyufa upande unaoingia upepo, Mwanaasha hupaka upande wa pili. Kifua hakijapona, na siku za baridi ya kusi bado humshika, lakini anakohoa akiwa kazini, na yeye anasema kuna tofauti. Jioni wanarudi nyumbani wakibishana. Juzi ilikuwa gari la Bakar, ambalo mwenyewe anataka viti vya kijani.

"Kijani cha nini?" akauliza Rajab kabla hawajafika mlangoni. "Cha bendera au cha embe bichi?"

"Hajui mwenyewe."

"Basi kesho, kabla ya kuosha kitu, kwanza tumuulize anavipaka nini."