Huitwa Madaktari Wakishachoka

Mwanamke huyu huitwa baada ya hospitali kusema mgonjwa arudishwe nyumbani. Hupasha maji, huyajaribu kwa kiwiko, kisha humgeuza mgonjwa polepole asipate vidonda, huku akimsemesha habari za mvua na bei ya nyanya kana kwamba kesho watakwenda sokoni pamoja. Kucha zake ni fupi, asije akamkwaruza mtu. Karibu wote aliowauguza pale Voi walikufa, na kwa vile walifia mikononi mwake, watu walisema mikono hiyo ndiyo inayoua. Salamu yake huitikiwa kwa mbali.

Dada yake alipozidiwa kule Rukanga, alikwenda bila kuitwa. Tryphena, binti wa huyo dada, alimzuia mlangoni.

"Mama mdogo, tafadhali usimshike mama. Ukimshika mtu, haamki tena."

"Mwanangu, mimi huitiwa wale walioshindikana hospitalini."

"Hata kama. Usimshike."

Aligeuka. Alikaa uani akimsikia dada yake akilia kwa maumivu ya mgongo. Alipojaribu kueleza kupitia dirisha jinsi ya kumlaza, dirisha lilifungwa. Alasiri dada akakata roho.

Kwenye matanga mtu alisema kwamba mama mdogo hata hakumgusa marehemu. Jirani mmoja akaguna. "Lakini si alifika hapa?"

Mama mdogo aliyasikia. Tryphena alipomjia akilia, mikono wazi, alirudi nyuma hatua moja. Kwa mara ya kwanza, naye aliogopa kumgusa mtu kwa mikono yake.