Mlima Uliokataa Waliochoka

Nilipokuwa mtoto, kwa bibi yangu mzaa mama kule Mpwapwa, kulikuwa na neno moja ambalo hatukuruhusiwa kulitamka tukiwa mlimani. Matusi uliweza kutukana. Ungechapwa ukishuka, yakaisha. Lakini kusema "nimechoka" ukiwa juu ya Kiboriani, hapana. Mlima ukisikia umechoka, alisema Bibi, unakushika mguu ili ubaki upumzike nao.

Ushahidi alikuwa nao. Kulikuwa na mzee wa mtaa wa pili aliyechechemea, huyo alilisema neno lile. Kulikuwa na mama mmoja aliyekwenda kuokota kuni, akakaa juu ya jiwe, akasema, na hakuweza kuinuka mpaka jioni, hata wanawe walipomvuta mikono yote miwili. Nilimfahamu yule mama. Kwa umbo lake, leo ningetafuta sababu nyingine, lakini wakati ule niliamini.

Ulichoruhusiwa kusema ni, "Ngoja niangalie mbali kidogo." Mtu akikata pumzi alisimama, akashika kiuno, akaangalia mbali. Vijana wa maofisini ninaowapikia chakula cha mchana pale Mtumba hukodi gari Jumamosi kwenda kule kupiga picha, wakirudi wananiambia mlima ule una sehemu nyingi nzuri za kuangalia mandhari. Ni kweli. Nazijua zote. Kila moja ni mahali ambapo mtu wa kwetu alichoka.

Nilipokuwa na miaka tisa, mama mdogo Yudita, mdogo wake mama yangu, alipata mchumba. Jina lake Festo, karani wa ofisi moja Dodoma mjini, mtu wa Mtwara. Alikuwa mpole, mrefu, na mlima pekee aliokuwa ameupanda maishani ni ngazi za ofisini kwao. Alileta barua ya posa ndani ya bahasha nzuri, na Bibi akaipokea kwa mikono miwili. Lakini kwa Bibi barua ya posa haikujibiwa kabla mchumba hajapanda mlima. Mgeni alipelekwa kwanza kwenye magofu ya ngome ya Wajerumani pale chini, kisha kwenye pango, kisha juu kabisa kwenye jiwe la kuangalia bonde, karibu na nyumba ya mawe ambako wamisheni wa zamani walikuwa wakienda kupunga upepo. Kwa macho ya leo huo ni utalii kamili. Kwa Bibi ulikuwa usaili. Hakutaka mkwe ambaye mlima umemkataa, kwa kuwa ndoa yake, alisema, ingekaa chini kabla ya kufika nusu ya njia.

Wa kufuatana na mchumba, kusikiliza kama atalisema neno, alitakiwa awe mtoto. Watu wazima hulegea wakipewa soda, na mimi nilikuwa na sifa yangu. Wiki chache kabla nilikuwa nimetangaza mezani, mbele ya wageni, ni nani aliyekula firigisi ya babu. Alikuwa mama mdogo Yudita.

"Shika kidumu cha maji, ufuatane nao," Bibi aliniambia. "Akisema, uje uniambie."

"Baba mdogo akisema nini?"

"Mwite mgeni. Akishuka salama ndipo atakuwa baba mdogo."

Tuliondoka asubuhi. Mgeni alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ncha, vimeng'arishwa mpaka unajiona ndani yake. Mama mdogo alikuwa amemweleza sheria usiku uliotangulia, kwa hiyo alijua kisichosemwa. Tulipofika kwenye ngome alikaa juu ya ukuta uliobomoka na kupangusa shingo.

"Kumbe Wajerumani walijenga hapa," alisema. "Hebu nieleze vizuri historia yake."

"Historia yenyewe ndiyo hiyo unayoikalia," mama mdogo alijibu. "Twende."

"Walikaa muda mrefu?"

"Waliinuka wakaondoka. Na wewe inuka."

Njia ya kwenda pangoni ilikuwa na mawe na miiba. Nilimfuata mgeni kwa karibu sana, kiasi kwamba aliposimama ghafla pua yangu iligonga mgongo wake.

"Mtoto, unataka nini?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Unavyohema."

"Kuhema kumekatazwa?"

Nilifikiri. "Bibi hakusema kitu kuhusu kuhema."

"Basi kamwambie nimehema sana."

Pangoni mlikuwa na ubaridi na harufu ya popo. Unapiga makofi mawili mlangoni, kama anayebisha hodi, kisha unainama na kuingia. Mgeni alipiga makofi yake, akainama, akauliza kama humo mtu anaruhusiwa kusali.

"Kusali nini?" mama mdogo aliuliza.

"Kusali tu. Kwa kupiga magoti. Kwa muda."

Akapiga magoti. Aliombea wazazi wake, akaombea wazazi wetu, akaombea taifa, akaanza kuombea nchi jirani. Mama mdogo aliziba mdomo kwa khanga asicheke. "Sema amina, Festo," alisema. "Mungu mwenyewe ana kazi nyingine."

Kutoka pangoni kwenda juu ndiko kubaya. Mama mdogo, ambaye miguu yake ilikuwa imezaliwa kule, alitangulia akapotea nyuma ya jabali. Nilibaki mimi na mgeni na kidumu changu, ambacho kila baada ya hatua kumi kilikuwa kinaongezeka uzito. Nilikuwa nimekazana kumsikiliza yeye hata nikajisahau mimi. Niliteleza, goti likagonga jiwe, na neno likatoka lenyewe:

"Jamani, nimechoka!"

Mgeni akageuka. Tukatazamana. Sijui sura yangu ilikuwaje, lakini nadhani ilikuwa ya mtu aliyeona kaburi lake.

"Mimi sijasikia," alisema. Akachukua kidumu mkononi mwangu, akaendelea kupanda.

Watu wanaofika pale juu huzungumzia bonde, mabati ya mji yanavyometa chini, na mashamba ya mtama. Mimi sikuona chochote. Nilikuwa natazama miguu yangu. Nilihesabu vidole, vyote vilikuwepo. Nilianza kuamini kwamba mlima nao haukusikia.

Tuliposhuka, karibu na pango, kiatu cha kulia cha mgeni kilifunguka mdomo. Alipiga hatua mbili kikilamba njia, na ya tatu soli ikabanwa kati ya mawe mawili. Mguu ukatoka, soli ikabaki. Alivuta, mama mdogo akavuta, haikutoka. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilielewa kilichotokea: mlima ulisikia vizuri kabisa, ila ulikuwa umeshika mguu wa mtu mwingine.

Bibi alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda akichambua majani ya mlenda. Hakumtazama mgeni usoni. Alitazama kiatu, kilichofungwa kwa kipande cha kitambaa, vidole vikichungulia kwa chini.

"Amesema," alisema Bibi.

"Mama, sijasema. Haki ya Mungu."

"Soli iko wapi?"

"Imebaki."

"Imebaki," Bibi alirudia polepole. "Mlima haumshiki mtu bure." Akanigeukia. "Wewe. Ulikuwa karibu naye?"

"Ndiyo, Bibi."

"Alisema?"

"Hakusema."

"Na hukusikia mtu yeyote akisema?"

Hapo nikanyamaza. Aliyesema alitakiwa kupanda tena kesho yake na unga wa uwele, auombe mlima msamaha pale pangoni, na hakuna aliyekuwa amenihakikishia kwamba mlima ukishamwona mtu mara ya pili humwachia. Bibi aliniangalia, akatikisa kichwa.

"Mtoto anamwonea huruma," alisema. "Nimeelewa."

Aliingia ndani, akatoka na ile bahasha, akaiweka juu ya mkeka mbele ya mgeni. Mama mdogo aliacha kucheka. Aliitazama bahasha, akamtazama mama yake, akaenda jikoni, na tukamsikia anavunja kuni ambazo zilikuwa zimeshavunjwa.

Hata aliyekataliwa hulishwa. Ugali uliletwa, na mlenda. Mgeni hakuwahi kula mlenda. Alichovya, akainua tonge, na uzi wa mlenda ukamfuata kutoka bakulini mpaka kidevuni. Aliinua mkono juu zaidi, uzi ukarefuka. Siku nyingine yoyote ningekufa kwa kicheko. Alikuwa amekaa pale na mguu mmoja wazi, amekataliwa mke kwa kosa langu, anapigana na mboga kwa adabu zote, na hakuwa amenitazama hata mara moja. Angenitazama tu, labda ningekasirika nikanyamaza mpaka leo.

"Ni mimi," nilisema, tonge likiwa bado mdomoni.

"Ni wewe nini?" Bibi aliuliza.

"Niliyesema. Kule juu ya pango. Yeye alisema hajasikia."

Kuni zilinyamaza jikoni. Bibi alimgeukia mgeni.

"Ulisikia?"

"Mama, nilikuwa nahema," alisema Festo. "Sikusikia kitu."

Bibi alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akaiokota bahasha kwenye mkeka, akaisukuma chini ya paja lake na kuikalia.

"Kesho tunapanda," aliniambia. "Na wewe baba, uzi wa mlenda unakatwa kwa kidole, hauvutwi. Utafika nao Mtwara."

Ndivyo nilivyopata baba mdogo.

Asubuhi nilipanda na Bibi, unga ukiwa ndani ya bakuli nililofunga kwa kitambaa. Bibi aliangalia mbali pale ngomeni. Akaangalia mbali pale penye mwiba mkubwa. Akaangalia mbali mahali ambapo mbele yetu palikuwa na jabali tu, hakuna kitu cha kuangalia. Hatua chache kabla ya pango alikaa chini, akanyoosha miguu, akavua kilemba na kujipepea.

"Jamani," alisema, "nimechoka mimi."

Niliganda. Nilitazama miguu yake. Nilisubiri mawe yasogee. Bibi aliona ninavyomtazama.

"Unashangaa nini? Nimesema kwa Kiswahili. Mlima huu ni wa Wagogo."

Nilikuwa na miaka tisa, lakini hesabu ile haikunishinda. Mimi pia nilikuwa nimesema kwa Kiswahili. Na baba mdogo Festo hakujua Kigogo zaidi ya "mbukwa" ya kusalimia, kwa hiyo hata angelala pale njiani akalia kwa sauti, mlima usingemwelewa. Basi tulikuwa tunamsikiliza kwa nini? Nilifungua mdomo.

"Lete unga," alisema Bibi.

Nikaufunga mdomo.

Mlangoni pa pango alipiga makofi mawili, akamwaga unga, na kuniombea msamaha kwa Kigogo kirefu, akinitaja mimi, baba yangu na ukoo wa baba yangu, wenye ulimi mwepesi. Nilisikiliza mpaka mwisho. Yeye mwenyewe hakujitaja.

Tuliporudi, mama mdogo alikuwa anatusubiri nje. Bibi alipopita kwenda kukaa kivulini, alinivuta pembeni.

"Mama hakuchoka?" alininong'oneza. "Niambie kweli."

"Mimi sijasikia," nikasema.

Miaka imepita. Baba mdogo Festo na mama mdogo bado wako pamoja, huku Nkuhungu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Baba mdogo husema amechoka kila siku anapovua viatu, na hajapatwa na jambo. Bibi tulimzika muda mrefu uliopita. Sijui kama mlima unasikia, wala kwa lugha gani, na kwa kazi nilizonazo sina nafasi ya kwenda kuuliza. Ninachokijua ni kidogo. Wakubwa wote wa nyumba ile walinitaka kwa sababu ya masikio yangu. Yule mmoja aliyekuja kupimwa nayo ndiye aliyeona kwamba mwenye masikio hayo ni mtoto, ameumia goti, na amebeba kidumu kizito. Nadhani Bibi naye aliliona hilo pale mkekani, akaamua kuwa linatosha kwa mkwe. Hakuwahi kusema hivyo, nami sikuwahi kumuuliza.