Ghorofa za Mama Mjini Garissa

Mama yangu aliuza mbuzi kwa miaka mingi, akitembea nyuma yao kutoka Liboi, kule mpakani, hadi Garissa, mpaka goti lake la kulia likakataa. Baada ya upasuaji, mtaalamu wa viungo hospitalini alimwambia awe anapanda ngazi kila siku, taratibu, ili mguu upate nguvu. Tulitazamana. Nyumba yetu iko mtaa wa Galbet, na Galbet ni tambarare kama sinia. Ngazi pekee tuliyokuwa nayo ni ya kupandia kwenye tangi la maji.

Dada yangu anayefanya kazi Nairobi akatuma saa ya mazoezi. Mama aliivaa mkono wa kulia, chini ya mtandio, akazunguka ua wote. Jioni akaniuliza imesema nini. Nikamsomea: hatua nyingi, ghorofa sifuri.

"Sifuri? Na jua lote hili?"

Nilisoma kwenye simu jinsi inavyofanya kazi, nikamweleza. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachohisi uzito wa hewa. Ukipanda juu, hewa hupungua uzito kidogo sana, kiasi ambacho sisi hatuwezi kukisikia, lakini saa inakisikia. Ikiona hewa imepungua huku mwili unapiga hatua, na umepanda kama mita tatu hivi, inahesabu ghorofa moja.

"Kifaa kidogo kama punje ya mchele," alisema akiigeuza saa, "kinajua niko juu au chini. Subhanallah."

Binamu yangu ana jengo la maduka mjini, lenye ofisi juu. Akaturuhusu kutumia ngazi zake baada ya alasiri, wenye ofisi wakishaondoka. Siku ya kwanza Mama alifika ghorofa ya kwanza akakaa chini kwenye ngazi, jasho likimtoka. Saa ikatetemeka mkononi. Akaitazama kama mtu aliyesalimiwa.

Tulirudi kesho yake, na siku zilizofuata. Mimi nilitembea nyuma yake mikono ikiwa tayari, naye hakupenda. "Niache nipumue," alikuwa akisema.

Kitu kimoja kilimuudhi. Saa haikuhesabu kushuka. "Kushuka ndiko kunakouma," alinilalamikia. "Aliyeitengeneza hajawahi kuumwa goti."

Tulipoenda hospitali kuangaliwa, tulipanda kwa lifti. Alikuwa ameukodolea macho mkono wake njia nzima. Mlango ulipofunguka akacheka kimya kimya. Saa haikuandika chochote, kwa sababu hakupiga hatua. Kuanzia hapo aliiheshimu kabisa.

Halafu ikaja ile alasiri ya upepo, siku chache kabla ya mvua za gu', yaani masika. Vumbi lilipanda, mbingu ikawa nyeusi upande wa mto, nasi hatukwenda mjini. Mama alitembea uani tu akianua nguo. Usiku dada yangu alipiga simu kwa furaha. Ameona kwenye simu yake, iliyounganishwa na ile saa, kwamba Mama amepanda ghorofa kadhaa. Nilielewa papo hapo: dhoruba ilikuwa imepunguza uzito wa hewa ghafla, na saa ikadhani Mama amepanda. Ningeweza kunyamaza, lakini nikamweleza Mama. Mama akaniomba simu.

"Hizo si zangu," alimwambia dada yangu. "Ni za upepo. Zitoe."

"Mama, haziwezi kutolewa."

"Basi wewe ujue moyoni kwamba sikupanda."

Nimefanya kazi ofisini muda mrefu, na sijawahi kusikia mtu akikataa sifa namna hiyo. Kesho yake, matope yakiwa bado mabichi, alidai tuende mjini. Alipanda ghorofa ya kwanza bila kushika chuma cha pembeni. Ya pili akapumzika, akanywa maji. Ya tatu hakupumzika. Akausukuma mlango wa paa kwa bega, akatoka.

Kutoka pale tuliona mto ukiwa umejaa, na daraja, na barabara inayoelekea Dadaab na Liboi ikipotea kwenye vichaka. Mama aliiangalia barabara ile. Kisha akampigia simu dada yake mdogo aliyeko Liboi, ambaye hakuwa amemwona tangu goti lianze kuuma.

"Nichinjie mbuzi," alimwambia. "Nakuja Alhamisi, na nitashuka garini mwenyewe."