Friza Isiyotajwa Dukani

Mume wangu alikuwa mkweli katika kila jambo isipokuwa hesabu ya mali yake. Alizaliwa upande wa Usagara, katika boma la wafugaji, na huko alifundishwa tangu anaota meno kwamba idadi ya ng'ombe haitajwi mbele ya watu. Ukiulizwa, unasema una vindama viwili vitatu, tena vinakohoa. Mimi nilikulia mjini, mtoto wa fundi cherehani, na kwetu mali ilitundikwa mlangoni ili kila mpita njia aione. Tukaoana hivyo hivyo.

Ugomvi wetu mkubwa uliletwa na mgao wa umeme. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka ya Mwanza yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia redioni tu, lakini umeme wa kuvitumia ndio ukawa adimu. Tulikaa Igoma, nami nilikuwa na friza ya mtumba, ile ndefu ya kufungulia juu. Humo niligandisha barafu za kuwauzia akina mama wa samaki mwaloni, kwenye soko la ufukweni, na sato wa mkahawa mmoja wa mjini. Umeme ukikatika asubuhi na kurudi jioni, barafu zilikuwa maji na sato wameanza kunitazama vibaya. Mwenye mkahawa akanipa wiki moja: nikimpelekea tena samaki walegevu, atatafuta mtu mwingine. Niliogopa kweli. Biashara ile niliianza na beseni kichwani, na sikutaka kurudi kwenye beseni.

Kwa hiyo tukaenda kununua jenereta. Duka lilikuwa la mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa, Kisukuma chake kimenyooka kuliko changu. Tulimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, kisha akauliza nyumbani tunawasha nini na nini. Jenereta, alisema, hainunuliwi kwa macho. Unajumlisha kila kinachokula umeme, unaongeza kidogo, ndipo unajua saizi.

Dukani kulikuwa na wateja kama watano, wote kimya, wamejifanya hawasikilizi. Mume wangu akawatazama mmoja mmoja. Kisha akajibu kwamba sisi hatuna kitu, ni taa mbili tu na karedio kanakokoroma.

Nikafungua mdomo. Akanikanyaga mguu, nami nilikuwa na kandambili. Nyumbani kulikuwa na taa sita, feni, televisheni ndogo na friza. Nilinyamaza kwa sababu ya wale wateja, na njia nzima ya kurudi nilijilaumu kwa kunyamaza.

Tukauziwa kijenereta cha kubebeka kama kikapu cha sokoni. Mume wangu alikipenda. Alikiweka uani, akavuta kamba, kikanguruma vizuri na taa zikawaka. Nikachomeka friza. Friza ikaguna, taa zikafifia, kijenereta kikakohoa mara mbili, kikazima. Tukazima taa zote tukajaribu tena, kikazima tena. Mara ya tatu mume wangu akasema labda kimechoka na safari.

Hapo nilimwambia yote. Kwamba ananionea aibu. Kwamba friza ingekuwa yake angeitangaza mpaka Buswelu, ila kwa kuwa ni mali ya mwanamke, ameificha. Niliongea mpaka jirani akapunguza redio yake ili asikie vizuri. Mume wangu aliendelea kukifuta kijenereta kwa kitambaa.

Kesho yake akaniambia nivae, twende mjini, naye akakibeba kijenereta chake. Dukani tulikuta wateja wawili. Akasubiri. Mmoja akatoka, akaingia mwingine. Akasubiri tena, huku anakagua misumari ambayo hakuihitaji. Nilikuwa nimeshakasirika upya duka lilipobaki tupu. Ndipo akasogea kaunta, akainama, akanong'ona.

"Mzee, kuna friza."

Mzee hakucheka. Alisema alihisi tangu siku ile, kwa sababu wateja wake wengi huja na taa mbili na redio, lakini hakuweza kumuumbua mtu mbele za watu. Akatueleza kwamba friza inapowaka hudai umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia, na hapo ndipo vijenereta vidogo vinapokata roho. Kijenereta angekipokea, sisi tuongeze pesa kidogo tupewe kikubwa. Ila sasa aambiwe ukweli: friza yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Mume wangu akatazama mlangoni kwanza.

"Kubwa. Ni ya mke wangu," akasema. "Hiyo ndiyo inayotulisha, mzee, ndiyo maana sikuitaja. Kwetu ng'ombe mkavu tunamtaja kwa watu. Yule ambaye watoto wanakunywa kwake, huyo hata jirani hatumwambii."

Mzee akaandika kwenye karatasi: kilowati mbili na nusu. Akauliza kama kuna kingine, na mume wangu, kwa taabu ya mtu anayeng'olewa jino, akaitoa feni, kisha televisheni. Mimi nilikuja na maneno ya kumtosha wiki nzima, na sasa sikuwa na pa kuyapeleka. Nikageukia rafu ya balbu, nikajifanya nasoma bei mpaka macho yalipokauka.